Hapana Kujivua Peke Yako

Wadogo zangu wa uuguzi, chekeni kwanza, mmalize, ndipo tuzungumze. Ndiyo, mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na mitatu, meno yangu yote yapo, na bado ninapanda mlima wa Vulamba na beseni la beignets, maandazi yetu, kichwani bila kupumzika. Mais hata hivyo ni mstaafu. Blouse yangu nyeupe ya uuguzi niliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, na mkubwa wa wauguzi aliipokea akifuta macho. Labda alikuwa analia, labda ni vumbi. Butembo vumbi halikosi, sikuuliza.

Mwalimu wenu alinikuta kwenye beignets zangu, akala tatu, akaniambia: «Masika, andikia batoto bangu kitu juu ya kazi. Banamaliza mwaka huu. Lakini hapana mambo ya bitabu, bitabu biko.»

Donc, basi, ninaandika. Mimi ni muuguzi wa A2 tu, ngazi ya chini, musitafute hapa maneno ya daktari. Nitawaambia namna ya kuvua nguo.

Msicheke tena, bado.

Kwetu mtoto wa kwanza msichana anaitwa Masika, na kila nyumba ina wa kwanza wake. Sasa fikirieni kituo cha Ebola, siku zile homa ilipotoka Mangina ikaja Beni, ikatufikia na sisi Butembo. Unavaa combinaison ya kufunika mwili mzima, gants za mikono mbili juu ya mbili, masque ya mdomo na pua, kofia, lunettes za macho, na tablier, aproni ya plastiki, juu ya yote. Hata mama aliyekuzaa hakutambui. Ndiyo maana tulikuwa tunaandikiana majina kifuani kwa kalamu nyeusi ya feutre, mgonjwa ajue anasema na nani. Timu yetu ya asubuhi ilikuwa na Masika watatu. Mgonjwa akiita «Masika!» tunageuka wote kama askari wa gwaride. Ikabidi tuongezewe majina: Masika Mrefu, Masika wa Beni, na mimi, Masika Kicheko. Nilikuwa ninacheka ndani ya masque, lunettes zinajaa ukungu, ninatembea nikipapasa vitanda kama kipofu.

Aliyenifundisha kuondoa ukungu ni Papa Kambale. Tone moja la sabuni ya vyombo, upake ndani ya lunettes, ufute kwa kitambaa kikavu. Andikeni hilo. Na andikeni hili pia: usile maharagi kabla ya kuvaa, na uende kukojoa hata kama husikii haja. Combinaison haina mlango.

Papa Kambale alikuwa fundi wa cherehani kule Mangina. Homa ilipofunga duka lake, alikuja kuomba kazi ya hygiéniste, yule anayebeba mgongoni pampu ya klore, dawa ya kuua vijidudu, na kusimama mahali pa kutokea. Siku ya kwanza alituangalia na zile combinaison zetu zinazoning'inia makalioni, akatikisa kichwa.

«Nani alishona hizi? Huyu mutu hakuwahi kuona mwanamuke?» Halafu: «Miaka makumi mbili nimevalisha batu. Sasa kazi yangu ni kubavua. Mungu eko na mizaha.»

Kumbe ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko ya kwetu wote. Maana kuvaa ni rahisi, hata mtoto anavaa. Kuvua ndiko kunakoua. Nguo yote nje imejaa ugonjwa, ndani uko wewe, umechoka, umelowa jasho, pua inakuwasha. Donc yeye anasimama nyuma ya mstari mwekundu, hakugusi hata kidogo, anakuvua kwa sauti peke yake.

«Nawa. Tablier. Nawa. Gants ya inje. Nawa. Inama, funga macho, toa lunettes. Nawa. Polepole, Kicheko. Nyumba haikimbie.»

Kila kitu kimoja, kunawa mara moja. Ukitoa kabla hajasema, unarudi kunawa upya. Siku moja jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa bado anamvua Masika Mrefu. Mimi nikajiambia: mara ngapi nimefanya hii, hata usingizini naijua. Nikaanza peke yangu. Nilitoa hiki, nikatoa kile, na mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe kwenda puani.

«SIMAMA!»

Nilisimama kama mti wa eucalyptus. Mkono ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili kufika. Alinirudisha mwanzo, hatua moja moja, kwa sauti ileile ya kawaida, kama anasoma vipimo vya suruali. Tulimaliza. Ndipo aliponiambia:

«Hapa hapana kujivua peke yako. Hata docta. Hata askofu akikuja.»

Ninawaomba mliweke neno hilo mfukoni, tutalihitaji mbele.

Kuna mgonjwa mmoja lazima niwaambie, halafu nitarudi kwenye mizaha. Alikuwa Koko mmoja, mzee wa Luofu, alikuja Butembo kumwona mjukuu, ugonjwa ukamkuta hapa. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, hakuweza kusoma jina kifuani, mais alinijua kwa kicheko. Siku yake ya mwisho alisema: «Masika, nishike.» Nikamshika. Akasema: «Hapana na mukono ya plastiki. Nishike na mukono ya mutu.»

Nilimwambia: Koko, sina ruhusa. Nilibaki nimemshika kwa gants mpaka akaenda. Nilifanya kama nilivyofundishwa, na nanyi mtafanya hivyohivyo, msijaribu kufanya kingine. Lakini kitu ukikifanya vizuri, haimaanishi kwamba hakitakufuata nyumbani.

Basi, homa iliisha. Kulikuwa na ngoma, hotuba, T-shirts, soda. Tulicheza mpaka viatu vikakatika. Kila mmoja akarudi kwao, mimi kwa mama, huko Vulamba, nikafikiri nimevua.

Nyuma ya mlango wetu niliweka ndoo ya klore. Ninatoka sokoni, ninanawa. Nimeshika kitasa, ninanawa. Nimesalimiwa kwa mbali, ninanawa salamu. Mji mzima ulikuwa umerudi kupeana mikono na kukumbatiana, mimi bado ninatoa kiwiko. Watoto wa jirani wakanitungia jina, Tantine Kiwiko, yaani Shangazi Kiwiko. Nilicheka nao, kucheka ndiyo kazi niliyoijua. Ngozi ya vidole ilipasuka, ikanuka kama korido ya hospitali. Na kitu kilichonishangaza: hata nikiwa na mikono mitupu, nilisikia kama bado ina gants. Ninashika sahani, sisikii sahani.

Alikuja mama mmoja psychologue, mshauri wa mambo ya moyo, mpole sana, na karatasi zake. Unalala namna gani? Unakula? Unaogopa? Moja mpaka tano, weka alama. Niliweka «vizuri sana» kila mahali, kama mwanafunzi anayekopi kwa mwenzake, hata pale swali lilipohitaji jibu lingine. Aliniangalia, akaniuliza kama kuna kitu ninataka kuongeza. Nikamwuliza kama anataka beignet. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunipigia kelele «simama».

Halafu mdogo wangu Kavira akajifungua. Msichana, wa kwanza. Jina mnalijua. Masika mwingine! Kavira akasema marraine, mama wa ubatizo, ni mimi, hakuna mwingine, tena kabla hata sijaulizwa nilikuwa nimekubali kwa furaha. Nilikimbia kununua kikwembe, kitenge cha sherehe. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba parokiani kwetu marraine ndiye anayembeba mtoto, toka mlangoni mpaka kwenye maji.

Mwezi mzima mtoto alikuwa kwetu na sikuwahi kumgusa. Akiletwa upande huu, mimi nina sufuria. Akiletwa upande ule, nina ndoo. Sijawahi kubeba vyombo vingi namna ile maishani mwangu. Mama alifikiri nimekuwa mchapakazi, akanisifu kwa majirani. Kavira hakusifu. Ilipobaki wiki moja kwa ubatizo, alinifuata kwenye jiko.

«Ya Masika, dada yangu, mutoto wangu eko na nini?»

«Hana kitu. Mutoto muzuri sana.»

«Sasa juu ya nini haujamushika hata mara moja?»

«Natoka kukata majani ya sombe, mikono michafu.»

«Umenawa mara ine, nimehesabu. Mikono gani hiyo haiishe uchafu?»

Nikacheka. Yeye hakucheka.

«Kama unamukatala, sema. Nitatafuta marraine mwingine, hapana kesi. Mais utasema mbele ya mama, na utasema sababu. Mie siwezi kuona mutoto wangu anakimbiwa kama mugonjwa.»

«Siku ya Mungu, kule kanisani, nitamubeba.»

«Unaapa?»

«Naapa.»

Alipotoka niliangalia mikono yangu. Nilijaribu, musifikiri sikujaribu. Alhamisi mtoto alipokuwa amelala kwenye mkeka nilipiga magoti, nikapeleka mkono. Ukasimama, vidole viwili kumfikia. Palepale kama puani kwangu siku ile.

Nilimpigia simu Papa Kambale huko Mangina. Mke wake ndiye aliyepokea. Akasema: «Ni Kicheko? Hé, mwanangu, ongea naye mutu wako. Eko anaharibu kazi. Mutu akikuja kujaribu koti, yeye anamwambia: nawa, inama, funga macho! Jana muteja moja alikimbia na sindano kwenye mukono.» Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu yeye mwenyewe akachukua simu. Sikujua nianzie wapi, nikasema: «Papa, niko na shida ya nguo.»

Hakuuliza nguo gani. Barabara ilikuwa imetulia wiki ile, akapanda moto, pikipiki ya abiria, Mangina, Beni, Butembo, na Jumamosi asubuhi aliingia uwanjani kwetu mwekundu kwa vumbi toka kofia mpaka kiatu, kama tofali.

Mama alikuwa anamenya maharagi. Akampa kiti, akampa chai. Papa Kambale alikunywa, akaangalia vidole vyangu vilivyopasuka.

«Ulitoka lini kule ndani?»

«Ndani wapi, Papa? Kituo kilifungwa. Pale sasa bamelima maharagi.»

«Sikuuliza kama kilifungwa. Nauliza weye ulitoka lini.»

Alitoa mfukoni chaki yake ya ufundi, ile ya bluu ya kuchora vitambaa, akainama, akachora mstari kwenye simenti mbele ya jiko.

«Simama kule.»

«Papa, mama anatuangalia.»

«Aangalie. Nawa.»

Nikasimama. Sikuwa na maji, nikasugua mikono hewani kama mjinga. Yeye nyuma ya mstari, sauti ileile.

«Tablier.»

Nikafungua kamba ambayo haipo. Nawa. Gants ya inje. Nawa. Inama, funga macho. Mama aliacha maharagi.

«Ni dawa ya kizungu hiyo?»

«Hapana, mama Masika. Ni ufundi.»

Wadogo zangu, nilianza nikicheka. Kufika kwenye combinaison, ile ya kukunja kuelekea chini bila kugusa upande wa nje, nilikuwa sicheki tena. Mwili ulijua kila hatua. Jasho lilinitoka kweli. Kofia. Nawa. Masque. Nawa.

«Gants ya mwisho.»

Hazikutoka. Ninawaambia kama ilivyokuwa, mnaweza kufikiri mnavyotaka. Nilivuta kidole baada ya kidole, na sikuweza. Hapo ndipo nilipomsimulia Koko wa Luofu, mara ya kwanza, kwa sauti, mbele ya mama yangu na sufuria la maharagi. Mkono wa plastiki. Mkono wa mtu. Nililia mpaka mtoto akaamka ndani akalia na yeye, na Kavira akatoka naye mgongoni, akasimama mlangoni.

Papa Kambale akasema: «Mie nilikuona siku ile, kupitia kwa plastiki ya dirisha. Ulimushika tangu saa ine mpaka saa tano. Ungetoa gants, ningekufukuza mie mwenyewe na pampu mpaka Luofu.»

Nikacheka ndani ya machozi, makamasi yakatoka.

«Ndiyo hivo. Sasa toa. Polepole, nyumba haikimbie.»

Nikatoa. Mama aliinuka, akaleta beseni la maji na kipande cha sabuni ya kufulia. Siyo klore. Maji tu. Nilisikia kwamba ni baridi.

Nilitaka kumshukuru, «Wasingya, Papa», nikaona bado amesimama nyuma ya mstari wake. Kazi imeisha, na yeye mabega yameinama kama mtu aliyebeba pampu. Nikakumbuka maneno ya mke wake kwenye simu. Nikakumbuka pia kitu ambacho muda wote kituoni sikuwahi kujiuliza, aibu yangu.

«Papa, na weye? Nani alikuwa anakuvua?»

Akatazama kikombe.

«Mie nilikuwa wa mwisho. Ninyi wote mumeshaenda kwenye bus.»

«Donc ulikuwa unajivua peke yako.»

«Nilikuwa nasema, nafanya. Nasema, nafanya.»

«Na sheria?»

«Sheria ilikuwa ya kwenu.»

Nilienda nikachukua chaki mkononi mwake. Kwa kuichukua niligusa vidole vyake, na wala sikugundua mpaka baadaye.

«Simama kule, Papa.»

«Kicheko, acha mambo.»

«Hata askofu akikuja. Nawa!»

Alivuka mstari. Nilimwita hatua moja moja, na mama akadakia kama wimbo, akawa anapiga «Nawa!» kabla yangu, mpaka Kavira akaanza kucheka mlangoni. Kwanza pampu ya mgongoni, ile ilikuwa nzito, aliitua kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye gants ya mwisho, fundi yule aliyenichekesha kila asubuhi alitaja jina moja. Sitaliandika hapa, ni lake. Alilitaja mara mbili. Halafu akanawa kwenye beseni langu, maji yaleyale, akaomba chai nyingine na kusema sukari ya kwetu haina nguvu.

Musifikiri nilipona siku ile, piu, kama kwenye filamu. Ndoo ya klore ilibaki nyuma ya mlango wiki nyingi. Nilirudi kwa mama psychologue, nikamwomba karatasi mpya, na safari hii sikukopi. Nilienda kwake mara nyingi. Ninyi mkihitaji, nendeni mapema, na musimpe beignet mahali pa jibu. Kazi ya blouse nyeupe niliiacha kwa sababu niliona mikono yangu inataka unga, na sioni haya. Masika Mrefu aliendelea, yuko maternité, wodi ya wazazi, anacheka kuliko mimi.

Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, uwanjani kwetu, nina sufuria la chai na beignets za moto. Wanakuja wauguzi, hygiénistes, hata dereva mmoja wa ambulance. Tunakaa wawili wawili. Mmoja anauliza, mwingine anatoa alichobaki nacho, kimoja kimoja, halafu wanabadilishana. Siku moja nitajenga nyumba pale, yenye dirisha kubwa la kuona vilima, na mlango wenye maandishi ya bluu ya chaki. Mama anasema ninaota. Ninamwambia ndiyo, mama, na nimeshapima.

Lakini ubatizo. Siwezi kuwaacha bila ubatizo.

Siku ya Mungu ile, Jumapili, kanisa lilikuwa limejaa, kwaya imevaa manjano. Papa Kambale alikaa benchi la tatu, koti alilojishonea mwenyewe, linamkaa kama ngozi. Mlangoni Kavira alinigeukia na mtoto mikononi. Aliniangalia tu, na niliona kwamba kama nitatafuta sufuria, hakuna sufuria kanisani.

Nikanyoosha mikono mitupu. Ile mikono yenye makovu. Akaniwekea.

Alikuwa moto, wadogo zangu. Nilikuwa nimesahau kwamba watu ni moto.

Tulitembea mpaka mbele. Padri akauliza jina, nikasema Masika, na kina mama kumi katika kanisa wakainua vichwa. Padri akammwagia maji kwa juu, na Masika mdogo akajibu kwa maji yake kwa chini. Yalipita kwenye nguo nyeupe, yakateremka kwenye mkono wangu, toka kiwiko mpaka vidoleni, ya moto, bila gants.

Kwenye benchi la tatu niliona midomo ya Papa Kambale inafunguka: «Naw…» Halafu akaifunga mwenyewe, akatabasamu.

Kavira alinyoosha mikono kumchukua. Nikatikisa kichwa. Nilibaki naye mpaka wimbo wa mwisho, na mkono ukakauka wenyewe.